Mwaka wa Geti Wazi

Siku tuliyomzika ndugu yangu Mwadime kule Mghange, kwetu milimani, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya nyumba, na waliobeba jeneza walitembea polepole kwa sababu njia ni nyembamba na udongo ulikuwa umelowa. Mchungaji alipomaliza, mzee mmoja aliyeegemea fimbo aliomba aseme maneno machache. Alisoma na Mwadime katika chuo cha ualimu, na huko walicheza pamoja mpira wa kikapu. Akawaambia watu kwamba enzi zao hapakuwa na mchezaji aliyempita Mwadime akafika chini ya goli. "Alikuwa ukuta," akasema, na wajukuu wakacheka kwa furaha, maana wao walimjua babu yao kama mwalimu mkuu mstaafu aliyependa kahawa na kuinung'unikia redio. Mimi niliangalia viatu vyangu. Yule mzee hakusema uongo. Alikuwa anaikumbuka miaka ya mwisho ya chuo. Mimi nilikuwa naukumbuka mwaka wa kwanza, ambao kila mtu alimpita, mpaka watu wa Voi wakampa jina la Geti, kwa sababu geti la reli likiwa wazi hata mbuzi anapita.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa kijana, nikibeba mizigo katika godauni la stesheni ya Voi, na nilikaa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizopangwa mstari kama mabehewa. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, jiko la makaa lililokaa mlangoni, na dirisha moja ambalo hatukulifungua mchana kwa sababu ya vumbi jekundu. Mwenzangu wa chumba alikuwa Mutua, Mkamba, fayamani, mchochea makaa wa injini, mtu mwenye kifua kipana na sauti iliyozoea kushindana na mvuke. Hata akiomba chumvi alipiga kelele. Mimi nilikuwa kinyume chake. Tangu utoto maneno yalinichelewa. Mwalimu aliponiuliza kitu shuleni, jibu nilikuwa nalo, lakini lilipofika mdomoni yeye alikuwa ameshamgeukia mwingine. Niliishia shule ya msingi. Mwadime, mdogo wangu, hakuchelewa katika jambo lolote, na ilipobainika nyumbani kwamba ni mmoja tu atakayeendelea na masomo, mazungumzo hayakuwa marefu. Mimi nilishuka Voi. Yeye akasoma mpaka akaingia chuo.

Mpira wa kikapu uliletwa chuoni na mwalimu mmoja kijana, Mzungu, aliyeucheza kwao. Chuo kilikuwa juu milimani na kiwanja chao kilichongwa kwenye mteremko, kiasi kwamba mpira ukitoka nje uliviringika mpaka kwenye viazi vya watu, na mchezo ulisimama mpaka urudishwe. Timu za wageni zilikuja kwa gari la moshi na hazikutaka kupanda milima, kwa hiyo mechi za chuo zilichezwa Voi, kwenye kiwanja cha murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, kando ya reli, mlima wa Sagalla ukionekana nyuma ya goli moja. Pete za magoli zilifuliwa na fundi wa karakana ya reli. Nyavu hazikuwepo mwanzoni, na mara nyingi watu wa upande mmoja waliapa kwamba mpira umepita ndani, na wa upande wa pili wakaapa umepita kando. Hatukuujua ule mchezo. Tuliuzungumzia kwa maneno ya kandanda: pete tuliiita goli, na aliyesimama chini yake kulilinda tulimwita beki. Lakini baada ya Jumamosi mbili kila mtu landi alikuwa kocha. Wale vijana walikuwa wetu. Walishuka na lori wakiwa wamevaa fulana nyeupe zilizopigwa pasi, wakizungumza Kiingereza, na sisi tuliokuwa na mikono yenye grisi tuliwaangalia kama watu wanaoangalia mvua ikija upande wao.

Na walifungwa. Hawakufungwa kwa sababu hawakujua kutupia. Mbele walikuwa wazuri, hasa kijana mmoja wa Sagalla aliyeweza kutupia akiwa mbali. Walifungwa kwa sababu nyuma palikuwa wazi. Siku ya kwanza walikuja vijana wa klabu ya Wahindi wa pale pale Voi, wafupi, wepesi, na kila walipokimbia na mpira kuelekea goli letu, Mwadime, ambaye alikuwa mrefu kuliko wote uwanjani, alisogea kando. Alisogea vizuri, kwa adabu, hatua moja upande wa juu, na yule mwenye mpira akapita. Watu walidhani ni woga. Mutua alishika kichwa chake kwa mikono miwili akaniuliza kama ndugu yangu ana ugonjwa wa macho. Pembeni yetu wafanyakazi wa stesheni walikuwa wanabishana, mmoja akisema kosa ni la mwalimu aliyempanga mtu mpole mahali pa mtu mkali, mwingine akisema wanafunzi wanakula uji mwingi na nyama kidogo. Mimi nilijua ninachokiona. Nilikuwa nimekiona tangu tukiwa watoto.

Kule kwetu njia ni za mtu mmoja. Upande mmoja kuna ukuta wa mlima, upande wa pili kuna bonde. Wawili wakikutana, asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo: anapanda kidogo upande wa juu, anajibana, mwenye mzigo anapita upande ulio salama kwake, wanasalimiana. Mtoto hafundishwi kwa maneno. Anafundishwa kwa kofi moja, siku atakayomzuia mama mwenye kuni, na baada ya hapo miguu yake inajua yenyewe. Mwadime alikuwa na miguu iliyojua kuliko ya wengine wote. Mtu alipomjia na mpira mikononi, macho ya Mwadime yalimwona mchezaji, lakini miguu yake ilimwona mwenye mzigo. Alimpisha. Mimi niliyeshinda godauni nikipita katikati ya watu na marobota ya katani, nikiita "Pisha, mzigo!", nilikifahamu kile kihatua kama ninavyofahamu sauti ya mlango wetu.

Nikataka kumwambia. Mechi ilipokwisha nilikwenda mpaka kwenye lori. Nilikuwa na muhogo wa kuchemsha ambao shangazi yetu Wakesho alikuwa ameufunga kwenye jani la mgomba nimpelekee mwanawe, maana alimwita hivyo. Wanafunzi walikuwa wanapanda lori, wamekasirika, wanarushiana maneno ya Kiingereza. Nilisimama chini nikaita jina lake, na maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima yakaanza kunichelewa kama kawaida. Mwadime akauchukua muhogo bila kuniangalia, akasema kitu kifupi, kwa Kiingereza. Nadhani aliniambia baadaye, au asante, au sina nafasi. Mpaka leo sijui ni lipi. Wenzake walicheka, labda kwa jambo lao. Lori likaondoka na vumbi lake, na mimi nikarudi landi nikiwa na lile neno moja, unawapisha, limekaa kooni.

Shangazi Wakesho alikaa nyuma ya soko, katika chumba kimoja cha udongo kilichopakwa chokaa ndani. Kitanda chake kilifichwa na kitambaa cha maua, na ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa iliyoonyesha mwaka uliopita, kwa sababu picha yake ilimpendeza. Kila Jumapili baada ya ibada nilikula kwake. Alipika kimanga, akikiponda maharage na muhogo kwa mwiko mzito huku akiuliza habari za watu wote wa Voi, na alijijibu mwenyewe. Chakula kile kilikuwa na joto la aina yake. Ukila unakaa kimya bila mtu kukuuliza kwa nini. Jumapili hizo za mwanzo wa msimu Mwadime alikuwa akija pia, akipata ruhusa na lifti ya kushuka. Kisha akaacha kuja. Shangazi aliendelea kumwekea sahani, akaifunika na sahani nyingine, na jioni alinipa nimpelekee Mutua.

Mechi ya pili walikuja wanafunzi kutoka Mombasa, na hapo ndipo jina la Geti lilipopatikana. Timu ile ilikuwa na kijana mrefu mwenye mabega kama ya mchukuzi wa bandarini, na alipojua kwamba njia iko wazi hakuhangaika kutafuta nyingine. Alikuja moja kwa moja. Kila alipokuja, Mwadime alinyoosha mikono juu kama alivyofundishwa, na miguu ikampeleka kando. Watu wa reli wakachoka kukasirika wakaanza mzaha. Mutua akatia vidole mdomoni akapiga mluzi mrefu, mluzi wa injini inayokaribia stesheni, na yule mrefu alipopita, Mutua akaita, "Geti wazi! Gari lipite!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Tangu hapo, kila adui alipokimbilia goli letu, mluzi ulianza upande wa stesheni ukazunguka uwanja, watu wakipiga miguu chini kwa mwendo wa magurudumu. Wake za wafanyakazi walipiga pia, na wauza karanga. Nilimwona Mwadime akigeuza uso kidogo kuelekea tulipokuwa. Hakututazama. Aliitazama reli.

Landi mazungumzo hayakuwa mengine. Jioni watu walikaa kwenye ngazi na vikombe vya chai ya rangi, na kila mmoja alieleza angalifanya nini. Walisema ingekuwa heri goli likalindwa na pipa. Walisema mtu akisomeshwa sana anakuwa laini. Mzee wa taa, aliyewasha taa za ishara kando ya reli, alisema yeye angemfunga yule kijana kamba kwenye mguu wa goli, na hapo asingeweza kusogea. Walisema hayo nikiwa nimekaa katikati yao na kikombe changu. Baadaye Mutua, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliniambia chumbani kwamba nisiweke moyoni, ni uchungu wa timu tu, na akanisifu. "Wewe Mdawida, mtu wa milimani, ndiye mpenzi wa kweli," akasema. "Tunafungwa, tunapiga kelele kama wehu, na wewe huna neno baya hata moja." Nikazima taa. Sikuwa na neno baya. Nilikuwa na kitu kingine, na kila Jumamosi kilikuwa kizito zaidi, na sikukipa jina.

Katika mechi ya tatu Mwadime alianguka. Hakusukumwa na mtu. Alikuwa anasogea kando, kama kawaida, akasikia mluzi, akajaribu kurudi katikati wakati miguu tayari ilikuwa inakwenda, na goti likapinda. Alibebwa mpaka kwenye lori. Mmoja akasema kwamba sasa geti limevunjika kabisa, na wachache wakacheka.

Goti halikupona. Lilivimba, likapungua, likavimba tena. Shangazi Wakesho alipanda chuoni kumwona akarudi amebadilika uso. Aliniambia habari zake akiwa anachambua maharage, bila kuniangalia. Mwadime hali chakula. Darasani anakaa kama mtu anayesubiri kuitwa. Mkuu wa chuo amesema mambo yasipobadilika ataruhusiwa kwenda nyumbani apumzike mpaka mwaka ujao, na shangazi alilijua neno hilo, kupumzika. Aliwajua vijana waliokwenda nyumbani kupumzika na sasa walikuwa na jembe begani, na nafasi zao zilikuwa zimekaliwa na wengine. Alisema yote hayo. Kisha akaacha maharage akaniuliza, "Righa, baba, nani amemshikia huyu mtoto kitu moyoni?"

Sitajaribu kuieleza imani ya wazee wetu kama mtu wa chuo kikuu. Nitaieleza nilivyoikuta. Kwetu hasira si dhambi, ila ni kitu chenye uzito, na kinataka kutoka. Anayefoka, hasira yake imeshatoka mdomoni, haina tena nguvu. Ya kuogopwa ni ya yule anayenyamaza. Hiyo hukaa ndani, na kwa kuwa haina njia ya kwenda mbali, inampata aliye karibu: mtoto anaugua, mbuzi anatupa mimba, mguu haukubali kupona. Hata mwenye hasira mwenyewe huenda hajui. Dawa yake ni kutasa. Unachukua kinywaji mdomoni, unakitema kiruke kama manyunyu, unataja kilicho moyoni, unakiacha kiende. Wazee walifanya hivyo kwa pombe ya miwa. Kanisa halikupenda, na shangazi yangu alikuwa mtu wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe na kitabu cha nyimbo. Lakini nilipomwona akifunga mlango mchana kweupe, Jumapili, akiwa bado na nguo za ibada, nilijua ameshaamua kwamba Mungu ataelewa.

Mwadime alikuwa ameletwa na lori la mboga. Alikaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa, fimbo ya mwitu pembeni. Alikuwa amekonda mpaka shingo ilionekana ndefu. Tulisalimiana kama watu waliokutana ofisini. Mutua naye alikuwepo. Alikuja na papai kubwa kumwomba mgonjwa radhi, na shangazi, alipojua kwamba ndiye mwenye mluzi, alimkatalia kutoka. Akachota maji mtungini kwa kikombe cha bati. "Pombe siwezi," alisema. "Maji ni ya Mungu, hayana dini." Akampa Mutua kwanza. Mutua akashika kikombe, akatuangalia, akajikuna kichwa, akasema kwa kweli mama, yeye amejitafuta moyoni na hana kitu. Kila alichokuwa nacho alikimaliza uwanjani mbele ya watu. Shangazi akamtazama usoni muda mrefu, kama anavyotazamwa ng'ombe sokoni. "Huyu ni mtupu," akasema, akamnyang'anya kikombe. Mwadime akatabasamu kidogo, mara ya kwanza. Kisha kikombe kikaja kwangu.

Nakumbuka ubaridi wa bati lile. Nakumbuka kuku aliyekuwa anachakura nje ya mlango, na kitambaa cha maua kilichotikisika kila upepo ulipopita chini ya mlango. Nilitia maji mdomoni, nikakaa nayo. Nilikuwa mtu wa kunyamaza, na sasa hata kama ningetaka kusema, mdomo ulikuwa umejaa. Hakuna aliyenihimiza. Maji yakapata joto. Yalipokuwa hayana tofauti tena na mate yangu, niliyatema, yakaruka kwenye sakafu ya udongo, mengine kwenye mguu wa kigoda, na nikasema, "Ulinijibu kwa Kizungu."

Nilidhani hilo ndilo lote. Lakini nyuma yake lilikuja lingine, na lingine, polepole, kila moja na funda lake la maji. Nilisema kwamba nilikuwa najua hesabu kuliko yeye. Nilisema hakuna aliyeniuliza. Nilisema mabega yangu yana kovu la marobota na yeye ana kalamu mfukoni, na hilo sikulichukia, bali nilichukia kusimama chini ya lori kama mtumwa aliyeleta chakula. Sauti yangu haikupanda. Mwishoni nikasema, "Na tena unawapisha. Wanakuja na mpira na wewe unawapisha kana kwamba ni akina mama wenye kuni. Nilikuja kukwambia hilo siku ile."

Mwadime alinyoosha mkono. Aliomba kikombe. Shangazi akasita, maana hakuwa amempangia yeye, kisha akampa. Akatema mpaka yakafika mlangoni. "Mimi nilichokuwa nacho ni hiki," akasema. "Tangu nianze kusoma, kila nikishika tonge naambiwa ni jasho la kaka. Nikivaa shati, ni mgongo wa kaka. Nikifeli, nimemfelisha kaka. Nilipokuona pale chini ya lori, kaka, na muhogo mkononi, tumefungwa, niliona umekuja kuhesabu unachonidai." Akafuta mdomo kwa kiganja. "Sikuwa na Kiswahili cha kukujibu."

Shangazi Wakesho akasema amina, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kufua. Akafungua mlango, mwanga ukaingia, kuku naye akaingia, tukala papai. Hiyo ndiyo sherehe yote iliyokuwepo. Sisemi goti lilipona kwa sababu ya maji yale. Goti lilipona lilipopona. Ninachoweza kusema ni kwamba siku ile alikula kimanga sahani mbili, akalala kitandani kwa shangazi mpaka lori lilipokuja kumchukua, na kwamba mkuu wa chuo hakulitaja tena lile neno la kupumzika.

Alipoanza kutembea vizuri alikuja landi. Kati ya safu mbili za nyumba zetu palikuwa na kichochoro chembamba, ukuta huku na ukuta huku, na mfereji wa maji machafu katikati. Nilijaza debe maji nikalitia begani. Nikamwambia asimame, mimi nitakuja, na asinipishe. Akacheka akasema hilo ni jambo dogo. Nikatembea. Nilipomkaribia, akajibana ukutani, na mimi nikapita. Alishangaa mwenyewe, aliangalia miguu yake kama ya mtu mwingine. Tukarudia. Akajibana tena. Watu wakatoka ndani kuangalia, Mutua akiwa na kikombe cha chai, na wote walionyesha kidole na hakuna aliyepiga mluzi. Sasa walikuwa wameona. Ilikuwa ngumu kwake kuliko mechi yoyote, maana mimi sikuwa mchezaji wa Mombasa. Nilikuwa kaka yake, na nilikuwa na mzigo. Kumzuia mtu kama huyo njiani, kule kwetu, ni jambo ambalo hata mlevi hafanyi. Nilikwenda na kurudi mpaka maji yakanilowesha mgongo na nusu ya debe ikamwagika. Mwishowe nilikasirika kweli, hasira ya juu juu, ya kupita, nikaongeza mwendo, na yeye akafumba macho akabaki. Tuligongana kifua kwa kifua. Debe likaanguka, likalia landi nzima, na sisi wawili tukakaa chini kwenye matope. Nilimwona akinitazama kwa hofu, akingoja kofi la utotoni. "Vizuri," nikamwambia. "Tena."

Msimu ulikuwa umeshaharibika. Hapakuwa na kikombe cha kushinda. Lakini vijana wa Mombasa walirudi, na yule mrefu wao alikuwa na habari zilezile za njia iliyo wazi. Uwanja ulijaa kwa sababu watu walitaka kucheka. Alipokimbia mara ya kwanza, mluzi ulianza kwa watu wasiokuwa wa landi. Mwadime alisimama. Niliona miguu yake ikitaka. Nadhani ni mimi na Mutua peke yetu tulioiona. Haikwenda. Yule mrefu akamwingia kifuani akarudi nyuma kama aliyefungua mlango usio wake, mpira ukamponyoka, na mluzi ukakatika katikati. Ukasikika mlio wa injini iliyokuwa ikipanga mabehewa. Kisha Mutua akaita, kwa sauti yake yote, "Geti limefungwa," na akaketi chini akajifuta macho. Tulifungwa siku ile pia, kwa pointi chache. Hakuna aliyelalamika landi jioni hiyo. Walibishana kuhusu mwamuzi.

Tangu hapo mpaka alipomaliza chuo, kila kabla ya mechi Mwadime alinitafuta katika umati akiwa na kikombe cha maji. Hakusema mengi. Alinipa, akasimama, akasubiri. Kama nilikuwa na kitu nilikitema pale kando ya murram, na watu wakadhani nasukutua vumbi. Kama sikuwa na kitu nilikunywa. Tuliendelea hivyo tukiwa watu wazima, tulipogombana juu ya mpaka wa shamba, juu ya posa ya binti yake, juu ya siasa. Kuna miaka ambayo nilitema mengi. Yeye pia.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona hospitali. Walikuwa wamemlaza karibu na dirisha, na kwa mbali ulisikika mlio wa treni, ingawa hizi za siku hizi hazina mluzi wa kuigwa. Hakuwa na sauti tena. Nesi aliniambia nijaribu kumnywesha kidogo kidogo. Nikamwinua kichwa, nikamwekea kikombe mdomoni. Alichukua maji, lakini hakumeza. Akakaa nayo, mashavu yamejaa kidogo, akinitazama. Nesi akasogea akidhani amepaliwa. Mimi nilijua anachouliza. Nilijitafuta vizuri, kama Mutua siku ile, nikapita kila mahali nilipozoea kuweka vitu, nilichukua muda wangu, na yeye akanisubiri kama alivyokuwa akinisubiri pembeni mwa uwanja.

"Meza tu," nikamwambia. "Sina kitu."

Akameza. Yaliyobaki kwenye kikombe niliyanywa mimi.